Mwenzako anahitaji namba gani?

Nilikuwa na miaka tisa nilipolia kwa sababu ya ludo. Kete yangu ya kijani ilikuwa imebakiza hatua chache iingie nyumbani. Baba mdogo akarusha dadu zake mbili, zikaja nne na mbili. Akaihesabu kete yake nyekundu taratibu, hatua sita, akaikalia yangu. Nikarudishwa mwanzo. Nilimwambia ana bahati. Akacheka, akasema bahati ilikuwa yangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeitupa.

Baba mdogo ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Miaka hiyo alikuwa anakaa miezi kadhaa machimboni Nyarugusu, huko Geita, kisha anarudi kwetu Shinyanga mjini na begi la nguo zenye vumbi na zawadi moja ya watoto. Safari moja zawadi ilikuwa ubao wa ludo na dadu mbili, moja nyeupe na moja nyekundu.

Ludo asili yake ni India. Waingereza waliuchukua mchezo wa huko, wakaurahisisha na kuusajili kwao. Lakini sheria kila nyumba ina zake. Kwetu unarusha dadu mbili kwa pamoja. Kila dadu unaweza kuitumia kwa kete tofauti, au zote mbili kwa kete moja. Sita inafungua mlango wa kutoa kete mpya, ila haikupi zamu ya ziada. Na hakuna kuweka hela, hata shilingi kumi. Baba mdogo alikuwa amewaona wenzake wakimaliza mshahara wa mwezi kwenye dadu, kwa hiyo hilo halikuwa na mjadala. Nalisema mapema kwa sababu najua wapo wazazi wasiotaka kuona dadu ndani ya nyumba, na sababu zao nazielewa.

Siku ile nilipomaliza kulia, alinipeleka uani. Akachukua kijiti akachora chini miraba 36, sita kwa sita.

"Dadu nyeupe ina namba sita. Nyekundu ina namba sita. Mitupo yote ya dunia iko hapa, hakuna mwingine," akasema. "Kete yangu ilikuwa nyuma yako hatua sita. Sasa nitafutie kila mtupo ambao ungenifikisha kwako. Kila ukiupata, weka punje ya hindi."

Nikaanza. Mitupo yenye sita kwenye dadu mojawapo ilikuwa 11. Kisha ile ya kujumlisha: moja na tano, tano na moja, mbili na nne, nne na mbili, tatu na tatu. Nikabisha kwamba nne na mbili ni sawa na mbili na nne. Akaniwekea dadu mkononi, na hapo nikaelewa kwa nini alinunua za rangi mbili. Nyeupe ikiwa nne na nyekundu mbili, huo ni mtupo mmoja. Nyeupe ikiwa mbili na nyekundu nne, huo ni mwingine. Jumla punje zikawa 16.

"Sasa isogeze kete yako hatua moja tu mbele. Iwe ya saba kutoka kwangu."

Nikaondoa punje zote, nikahesabu upya. Hapa dadu moja peke yake haitoshi, lazima zijumlishwe. Moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, na kila moja kwa kugeuza. Punje sita.

Kutoka 16 hadi sita, kwa hatua moja. Na hiyo hatua nilikuwa nayo. Zamu iliyotangulia nilipata sita na moja. Sita niliitumia kutoa kete mpya. Ile moja nikaisogezea hiyo hiyo kete mpya, kwa sababu nilifurahi kuiona inatembea. Nilikuwa najitazama mimi. Sikumtazama aliyekuwa nyuma yangu.

Tangu siku hiyo, kila nikishika kete aliniuliza swali lile lile: "Mwenzako anahitaji namba gani?"

Kama una ubao nyumbani na unacheza kwa sheria hizo, hesabu yote ni hii. Ukiwa hatua moja mbele ya kete ya mpinzani, mitupo 11 kati ya 36 inakula kete yako. Hatua mbili, 12. Tatu, 13. Nne, 14. Tano, 15. Sita, 16. Kisha inaporomoka: hatua ya saba ni mitupo 6, ya nane 5, ya tisa 4, ya kumi 3, ya kumi na moja 2, ya kumi na mbili 1. Maana yake kukaa puani pa adui ni salama kuliko kukaa hatua sita mbele yake. Watoto hawaamini mpaka waweke punje wenyewe.

Kwenye bao, ambalo sisi Wasukuma tunaliita isolo, au kwenye drafti ya vifuniko vya soda, kila kitu kiko mezani. Mwenye akili anaona zamu tatu mbele. Kwenye dadu hakuna aonaye. Anayesema "nilijua tu itakuja sita" anajidanganya. Unachoweza ni kuhesabu mitupo mibaya ya njia hii, kuhesabu ya njia ile, kisha uchague.

Somo la pili lilikuja miaka miwili baadaye, nilipokuwa najiona bingwa. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ingeiacha wazi kete yangu kongwe, iliyokwisha kutembea hatua 45, mpinzani akiwa nyuma yake hatua nane. Ya pili ingeiacha wazi kete changa, iliyotembea hatua tatu tu, mpinzani akiwa nyuma yake hatua tano. Nikahesabu kama nilivyofundishwa: hatua nane ni mitupo 5, hatua tano ni mitupo 15. Nikachagua njia ya kwanza, nikamtazama baba mdogo nikisubiri sifa.

Akatikisa kichwa. "Umehesabu namba. Hujahesabu hasara."

Akanifanyia hesabu kwa mdomo. Mitupo 5, kila mmoja ukininyang'anya hatua 45, ni 225. Mitupo 15, kila mmoja ukininyang'anya hatua tatu, ni 45. "Njia yako ina hatari chache, lakini kila moja inabeba nyumba nzima," akasema. "Ile nyingine ina hatari nyingi za kuibiwa kuku."

Nilipofika chuo kikuu nilikutana na bakgamoni kwenye simu, mchezo ambao Waarabu huuita tawla na Waturuki tavla. Kila mchezaji ana kete 15, ubao una nafasi 24, na dadu ni mbili. Kete iliyokaa peke yake inaweza kupigwa. Zikikaa mbili pamoja haziguswi. Wachezaji wazuri wa mchezo huo hufanya kazi ile ile ya punje za mahindi. Huko umbali wa hatua sita ni mitupo 17, kwa sababu dadu zikifanana unacheza mara nne, hivyo mbili na mbili nayo inafika. Umbali wa saba ni mitupo 6, sawa na kwetu. Mapema miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM alitengeneza programu ya kompyuta iitwayo TD-Gammon iliyojifunza kwa kucheza na yenyewe mpaka ikawakaribia mabingwa wa dunia. Matoleo yake ya baadaye, kabla ya kuchagua pa kusogeza kete, yalipima kila mtupo ambao mpinzani angeweza kupata na madhara yake. Niliposoma hayo nilimpigia simu baba mdogo kumweleza. Akauliza kompyuta hiyo bei gani.

Nimeeleza mchezo kwa kirefu kwa sababu ya usiku mmoja wa Novemba, mwaka juzi.

Nilikuwa nimekwenda Geita kuandika habari ya wanawake wanaochenjua dhahabu kwa zebaki, nikafikia kwa baba mdogo. Siku hizi amehamia huko na familia yake. Mtoto wao wa mwisho, mdogo wangu, alikuwa na miaka mitatu. Mvua zilikuwa zimeanza. Pembeni ya makazi kuna mashimo ya zamani ya wachimbaji, na mvua ikinyesha siku mbili hayo mashimo yanakuwa mabwawa.

Saa mbili usiku mtoto alikuwa wa moto. Mama mdogo akampa panado ya maji. Saa tatu alikuwa bado wa moto.

"Baba, mtoto ana joto sana," nikasema.

"Ni magego hayo yanamalizia kuota. Tusubiri asubuhi, mwanangu."

Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, njia ya udongo, na mvua inanyesha. Bodaboda usiku huo angetaka shilingi elfu kumi, na kazi kwenye duara ilikuwa imesimama wiki nzima kwa sababu ya maji. Tena mwaka huo mtoto alikuwa amepata homa mara mbili usiku, na mara zote mbili asubuhi aliamka anacheza.

"Mara mbili tulisubiri, mara mbili alipona," akasema. Kwake hoja ilikuwa imefungwa.

Nami nilikaribia kukubali. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari za afya. Nyumbani kwa mkubwa wangu, usiku, siwezi kupandisha sauti. Lakini lile neno "mara mbili" lilinikaa vibaya. Lilikuwa neno la mtoto wa miaka tisa anayesema kete yangu ilikaa pale jana na haikuliwa.

Nikamuuliza taratibu: "Baba, mwenzetu anahitaji namba gani?"

Akanitazama. Hakujibu, lakini hakukasirika.

Basi tukahesabu, yeye, mimi na mama mdogo, pale sebuleni. Sina dadu la homa, na hakuna punje za mahindi zinazoweza kutuambia mtoto yule alikuwa na mitupo mingapi mibaya. Lakini baadhi ya mambo nilikuwa nayajua kwa kazi yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa chini ya miaka mitano, nchi nzima asilimia 8 walikutwa na vimelea vya malaria. Shinyanga walikuwa asilimia 16, mara mbili yake. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini. Na malaria ya kwetu, ile ya falsiparamu, isipotibiwa inaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi malaria kali ndani ya saa 24. Ndiyo maana wataalamu wanataka mtoto mwenye homa afikishwe kwenye huduma ndani ya muda huo.

Njia ya kwanza ilikuwa kusubiri. Mitupo mingi ya njia hiyo ni mizuri: mafua, magego, homa inayoshuka yenyewe. Michache ni mibaya. Lakini kila mmoja katika hiyo michache unachukua hatua 45.

Njia ya pili ilikuwa kwenda kwa bodaboda. Hapa mitupo mibaya ni mingi: tutalowa, tutapoteza elfu kumi, hatutalala, na huenda tukaambiwa ni mafua. Hizo zote ni hatua tatu tatu. Ila baba mdogo, kwa haki kabisa, akasema na njia hii ina mtupo wake mzito. Pikipiki kuteleza usiku kwenye udongo, imebeba mtoto mgonjwa na mama yake, hilo nalo si la kuibiwa kuku.

Alikuwa sahihi. Sikuwa nimelihesabu.

Wakati sisi tunapima, mama mdogo, ambaye alikuwa kimya akimpepea mtoto kwa kanga, akasema: "Ametapika mara tatu tangu jioni. Panado nayo imetoka. Hata maji hayakai."

Sebule ikanyamaza. Mimi na baba mdogo tulikuwa tunabishana juu ya ubao wa saa mbili zilizopita. Kete nyekundu ilikuwa imesogea na hatukuiona. Ilikuwa hatua ya saba, sasa iko ya sita.

Mtoto anayetapika kila anachopewa ni mmoja wa wale ambao wahudumu wa afya huwaita wenye dalili za hatari. Nyingine ni mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kupata degedege, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Ukiona mojawapo, hesabu imekwisha. Hakuna asubuhi.

Baba mdogo alisimama akavaa koti la mvua. Na ndiye aliyeona njia ya tatu. Jirani wa nyumba ya nne ana bajaji. Ina mwendo mdogo na angetutoza elfu kumi na tano, lakini ina paa na magurudumu matatu. Elfu tano za ziada zilifuta ule mtupo mzito wa njia ya pili. Kwenye ludo pia huwa hivyo mara nyingi. Unang'ang'ania kuchagua kati ya kete mbili, kumbe ya tatu imekaa pembeni inakusubiri.

Kituoni walimpima kwa kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni. Malaria ilikuwepo. Kwa kuwa alikuwa anatapika kila kitu, walianza na sindano za atesuneti, dozi tatu ndani ya saa 24, na tumbo lilipotulia akapewa dawa mseto amalize. Alilala pale usiku mbili. Siku ya tatu aliomba chapati.

Ningeishia hapo ungesema ni kisa cha mwandishi aliyekuwa sahihi. Lakini Februari iliyofuata mtoto alipata homa tena, na safari hii mimi nilikuwa Shinyanga. Baba mdogo hakusubiri. Mtoto hakuwa anatapika wala kulegea, lakini ilikuwa jioni na njia ni kavu, akampakia kwenye bodaboda saa hiyo hiyo. Kipimo kikaonyesha hakuna malaria. Mafua. Wakarudi nyumbani na maelekezo ya kumpa maji ya kutosha na kurudi haraka akibadilika.

Akanipigia simu. "Umenitia hasara, mwanangu. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa mafua."

Nikamuuliza: "Baba, ukiihamisha kete yako kutoka hatua ya sita kwenda ya saba, halafu mwenzako akarusha moja na moja, zamu yake haifiki popote. Ulikosea kuihamisha?"

Kimya. Nikasikia anacheka kwa pua.

Nadhani hapa ndipo wazazi wengi tunapoteleza, nami nimo, maana mwanangu wa mwaka mmoja amenifundisha woga mpya. Tunapima uamuzi kwa kilichotokea baadaye. Tulisubiri akapona, basi kusubiri ni kuzuri. Tulikimbia ikawa mafua, basi kukimbia ni ujinga. Lakini dadu halikumbuki. Homa ya jana kushuka yenyewe haikuambii homa ya leo ni ya namna gani. Uamuzi hupimwa kwa ulichokijua ulipokuwa bado umeshika kete mkononi.

Na nimejifunza kitu kingine, kwamba anayejua kuhesabu naye huacha kuhesabu. Baba mdogo, mwalimu wangu, usiku ule hakukosa akili. Alikuwa amechoka, hana hela, na njia rahisi ilikuwa na ushahidi wa mara mbili nyuma yake. Mtu wa namna hiyo haitaji kuhutubiwa. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumuuliza swali moja, kisha kumsikiliza anapotaja hatari ambayo wewe hukuiona. Na anahitaji mama aliyekaa na mtoto asiachwe kando ya mazungumzo, kwa sababu yeye ndiye anayejua kete imefika wapi.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, hasa wewe wa Kahama, Geita, Katoro na kandokando ya migodi, ubao wangu wa homa uko hivi. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo, usihesabu kwa kumwangalia usoni. Zikija dalili za hatari, ondoka saa hiyo, usiku au mchana. Na maandalizi yafanyike kabla dadu halijarushwa. Jua ni nani jirani mwenye bajaji, hifadhi namba yake kwenye simu, na weka nauli ya dharura mahali ambapo hata wewe utaona aibu kuigusa. Chandarua nacho ni zile kete mbili zilizokaa pamoja. Hakimzuii mwenzako kurusha, kinampunguzia namba zenye faida.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Mdogo wangu sasa ana miaka mitano, na ule ubao wa utotoni kwangu, uliopasuka upande mmoja, ndio anaochezea. Alikuwa anacheza na baba yake. Kete yake ya kijani ilikuwa hatua sita mbele ya nyekundu, na alikuwa na moja ya kusogeza.

Aliitazama kete mpya iliyotoka mlangoni. Nikaona mkono unaielekea. Kisha akasimama, akahesabu kwa kidole kutoka kwenye nyekundu, midomo ikitembea, akaisogeza ile kongwe. Hatua ya saba.

Baba mdogo akarusha. Tano na mbili.

Mtoto akazitazama dadu, akanitazama mimi, mdomo ukaanza kucheza.

"Umecheza vizuri sana," baba yake akamwambia. "Hivyo hivyo. Usibadilishe." Kisha akaihesabu kete yake nyekundu taratibu, hatua saba, akaila ya mwanawe.